Mdogo wangu ni askari Marekani na amefunga ndoa na mwanaume mwenzake. Sheria inasemaje kule, na hapa kwetu?

Fundi_Sabasaba

Mbukwenyi wana jamvi. Naomba msaada wa wenye kujua sheria. Aliyekuja kutukana namwomba apite tu.

Mimi ni fundi cherehani, Sabasaba hapa Dodoma, nashona sare za shule. Kwetu ni wilaya ya Kongwa, upande wa Zoissa. Mdogo wangu wa kiume aliondoka kwa ile bahati nasibu ya viza ya Marekani, akabeba mizigo kwenye maghala, kisha akajiunga na jeshi la kule kama fundi wa magari. Hajachukua uraia wao, ana kadi ya ukaazi tu, na kumbe hiyo inatosha kuwa askari. Bati lililo juu ya nyumba ya mama ni jasho lake. Ada ya mwanangu wa kwanza hadi kidato cha sita alilipa yeye.

Mwaka jana alinipigia akaniambia amefunga ndoa bomani huko, na aliyefunga naye ni mwanaume. Nilinyamaza mpaka akauliza kama mtandao umekata. Sikuja hapa kuuliza kama ni dhambi. Hilo niko nalo mimi na Mungu wangu. Huyu mtoto nimembeba mgongoni nikiwa darasa la tatu, mama akiwa shambani, na sina mdogo mwingine wa kiume.

Ninachotaka kujua ni mambo ya serikali. Kwanza jeshi lenyewe. Nimesikia kwamba zamani askari wa namna hiyo akijulikana anafukuzwa. Je, wanaweza kumgeuka? Pia anasema kwenye fomu zote ameandika mwenzake ndiye wa kwanza kupewa taarifa. Likitokea la kutokea, sisi tunasikia kwa nani? Ana kiwanja Nzuguni chenye hati ya jina lake, kodi ya ardhi naenda kulipa mimi. Huyo mwenzake ana haki gani hapo? Na anataka kuja Desemba kumwona mama. Anaweza kukamatwa akishuka tu kwenye ndege?

Halafu kuna hili ambalo halimo kwenye sheria lakini ndilo linaloninyima usingizi. Mahari yangu ililipwa kwa ng'ombe, na kwa sisi Wagogo ng'ombe walioingia kwa dada ndio wanaomwolea kaka. Wako kwa mjomba, wamezaliana. Mama hajui lolote. Kila nikienda ananiuliza huyu kijana anakuja lini kuoa, na sasa kuna binti wa watu Hogoro ameshatajwa. Huyo binti naye ana mama yake.

Wakili_AreaD

Dada yangu, kabla ya yote: umeshataja kazi yake na unakotoka. Usiongeze kingine hapa hadharani, wala jina la kambi, wala picha. Nitakueleza kwa nini huko chini.

Nianze na jeshi, maana ndiko unakohofia zaidi na kumbe ndiko kulikotulia. Ni kweli ulivyosikia. Jeshi la Marekani liliwazuia kabisa watu hawa kwa miaka mingi. Mwaka 1975 sajini mmoja wa jeshi la anga, Leonard Matlovich, aliyepigana Vietnam na kupewa nishani, alimwandikia mkubwa wake kwamba yeye ni shoga, kusudi kesi ifike mahakamani. Wakamtoa. Alipokufa 1988 alitaka kaburi lake liandikwe kwamba jeshi lilimpa medali kwa kuua wanaume wawili na likamfukuza kwa kumpenda mmoja. Kaburi hilo liko Washington hadi leo.

Mwaka 1993 Rais Bill Clinton alitaka kuondoa katazo hilo. Majenerali na Bunge wakagoma, ikatoka sheria ya katikati: mkubwa wako asikuulize, na wewe usiseme. Ukinyamaza unabaki, ukijulikana unaondoka. Chini ya sheria hiyo waliachishwa kazi askari zaidi ya 13,000, wakiwemo wakalimani wa Kiarabu wakati ambapo nchi iko vitani Iraq. Barack Obama alisaini kuifuta Desemba 22, 2010, na ikakoma rasmi Septemba 20, 2011. Mdogo wako ameingia jeshini baada ya hapo, kwa hiyo hana sababu ya kujificha kazini.

Lakini angalia kilichofuata, kwa sababu ndicho kinachojibu swali lako la nani atapewa taarifa. Kati ya 2011 na 2013 askari aliruhusiwa kujulikana, ila ndoa yake haikutambuliwa na serikali kuu, kwa sababu ya sheria ya 1996 iliyosema ndoa ni ya mume na mke tu. Kwa hiyo askari angeweza kufia Afghanistan na aliyeishi naye akahesabiwa kuwa mtu baki. Hana kitambulisho cha familia ya jeshi, hana nyumba ya kambini, hana matibabu. Bi Edith Windsor, mkazi wa New York, ndiye aliyeibomoa sheria hiyo. Mwenzake, Thea Spyer, alifariki 2009 wakiwa wamefunga ndoa Kanada, na serikali ikamdai bibi huyu kodi ya mirathi ya dola 363,053 ambayo mjane mwingine yeyote asingedaiwa. Mahakama ya Juu ilimpa ushindi Juni 26, 2013. Kuanzia Septemba mwaka huo wizara yao ya ulinzi ikatoa stahiki sawa kwa ndoa zote. Tarehe hiyohiyo ya Juni 26, mwaka 2015, majaji watano dhidi ya wanne waliamua kwamba majimbo yote lazima yafungishe ndoa hizi. Aliyeipa kesi hiyo jina lake, Jim Obergefell, alichotaka mwanzoni ni kuandikwa tu kwenye cheti cha kifo cha mwenzake kule Ohio.

Kwa hiyo msiba ukitokea, Mungu apishe mbali, maofisa watamgongea kwanza aliyefunga naye ndoa. Wazazi nao hupewa taarifa, mradi mawasiliano yao yapo kwenye fomu. Mwambie ahakikishe namba yako na ya mama zimo. Bima ya maisha ya askari inafika dola 500,000, na inalipwa kwa majina aliyoyaandika mwenyewe, kwa mgawanyo anaoutaka. Anaweza kumwandika mwenzake na mama pia. Muulize bila aibu.

Kitu kimoja tu nikiongeze. Haki iliyotolewa kwa kalamu ya rais huondolewa kwa kalamu ya rais. Askari waliobadili jinsia waliruhusiwa 2016, wakazuiwa 2019, wakaruhusiwa 2021, wakazuiwa tena 2025. Suala la mdogo wako ni tofauti: katazo la jeshi lilifutwa na Bunge, na mwaka 2022 Bunge hilohilo likapitisha sheria ya kulinda ndoa kama yake. Imesimama imara zaidi.

Sasa nyumbani. Sheria yetu ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 9, inasema ndoa ni muungano wa hiari wa mwanamume na mwanamke. Ndoa ya mdogo wako hapa haipo, hata iwe na mihuri kumi. Na Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 154, inatoa kifungo cha maisha na kisichopungua miaka 30 kwa kile inachokiita kosa la kinyume cha maumbile. Kifungu hicho kililetwa na Waingereza. Adhabu ilikuwa miaka 14, ikapandishwa 1998 na sheria ya makosa ya kujamiiana, SOSPA. Kinachoadhibiwa ni tendo, si pete wala cheti, na tendo linahitaji ushahidi. Hakuna orodha uwanja wa ndege ya walioolewa nje. Ila mahakama zetu zina mamlaka juu ya kosa lililotendwa na raia wetu hata akiwa nje ya nchi, na tetesi za mtaani zimewahi kumfikisha mtu kituoni. Ndiyo maana nimekuambia usiongeze maelezo. Akija peke yake kumwona mama yake, akakaa kimya, sioni kwa nini azuiwe kuja.

Kiwanja: mwenzake ni mgeni, na mgeni hamiliki ardhi Tanzania ila kwa uwekezaji. Mdogo wako asipoacha wosia, sheria haitamtambua huyo mwenzake na mali itakwenda kwa mama na ndugu. Akitaka mwenzake apate chochote aandike wosia, na msimamizi anaweza kuuza kiwanja akampa fedha. Na siku akichukua uraia wa Marekani anapoteza wa Tanzania, hapo umiliki wake mwenyewe unaingia mashakani. Siku hizi ipo hadhi maalumu kwa wenye asili ya Tanzania, aulizie Uhamiaji mapema.

Umeniuliza sheria nimekupa. Maoni yangu hukuyaomba lakini nitayasema. Ibara ya 12 ya Katiba yetu inaanza hivi: "Binadamu wote huzaliwa huru, na wote ni sawa." Nimeisoma mbele ya mahakimu mara nyingi, kwa ajili ya wajane, kwa ajili ya vijana wa bodaboda. Siwezi kuisoma kwa hao halafu nikaifunga anapotajwa mdogo wako. Na Sheria ya Ndoa si msahafu. Kesi ya Rebeca Gyumi ilishinda Mahakama Kuu 2016 na Mahakama ya Rufani 2019, kwamba vifungu vilivyoruhusu mtoto wa miaka 14 au 15 kuolewa vinavunja Katiba.

Mwinjilisti_Kizota

Dada, pole. Nasema kwa upendo, wala simtukani mdogo wako. Lakini wakili anakupeleka mbali. Hata huko Marekani wananchi hawakuulizwa, ni majaji watano waliowashinda wenzao wanne. Je, nchi nzima iongozwe na mtu mmoja aliyezidi? Na kesho mahakama ikisema, mchungaji wangu atalazimishwa kuwafungisha? Sisi ni Waafrika. Jambo hili limeletwa na wazungu na fedha zao, nasi tunalipokea kwa sababu ya bati na ada. Msaidie mdogo wako arudi, aombewe, aoe. Huyo binti wa Hogoro pengine ndiye mlango wake.

Fundi_Sabasaba

Mwinjilisti, nashukuru kwa kutotukana. Lakini naomba tuelewane kuhusu huyo binti. Unataka aletwe mtoto wa watu akae nyumba ya mama yangu kumsubiri mume ambaye hamtaki na hatamtaka, ili sisi tupumue? Nimeona wanawake wa hivyo. Nawashonea. Wanakuja kupunguza magauni kila mwaka kwa sababu wanakonda, na mtaani wanaambiwa wao ndio hawajui kumtunza mume. Mimi sitapeleka ng'ombe wangu kununua machozi ya mtu.

Wakili_AreaD

Kwa Mwinjilisti kwa ufupi. Ireland wananchi waliulizwa, Mei 2015, kwa kura, na asilimia 62 wakasema ndiyo. Ile ni nchi ya Wakatoliki. Na Marekani hakuna mchungaji anayelazimishwa na sheria kufungisha ndoa asiyoitaka. Kinachozungumzwa ni cheti cha serikali.

Mzee_Kongwa

Binti yangu, na wewe Mwinjilisti mwanangu. Mimi ni wa Kongwa mjini. Nilikuwa mtoto wa shule kambi ya wapigania uhuru ilipofunguliwa 1964, pale kwenye magofu ya mradi wa karanga wa Waingereza. Frelimo ya Msumbiji, ANC ya Afrika Kusini, SWAPO ya Namibia, MPLA ya Angola, ZAPU ya Zimbabwe, wote walipita pale. Baba yangu aliwauzia maziwa. Wengine waliacha watoto kwetu, na watoto hao leo wana mvi kama mimi.

Unasema ni jambo la wazungu. Basi tuangalie waliokula ugali wa Kongwa wamefanya nini walipopata nchi zao. Afrika Kusini ni nchi ya kwanza duniani kukataza katika katiba mtu kubaguliwa kwa sababu ya kupenda jinsia yake, wakaliandika hilo pia kwenye katiba ya 1996, na tangu Novemba 2006 ndoa hizo ni halali. Msumbiji walifuta kosa hilo 2015. Angola wana sheria mpya ya adhabu tangu 2021, kosa hilo halimo, na kumnyima mtu kazi kwa sababu hiyo ndiyo kosa. Namibia, Mahakama Kuu ilivifuta vifungu hivyo Juni 2024, serikali ikakata rufaa. Zimbabwe bado. Hawa si watu wa kuambiwa wamesahau Uafrika, tuliwapa ardhi ya kujifunzia bunduki.

Na usisahau nani aliyewatesa watu hawa kwenye sare. Jeshi la makaburu liliwapeleka vijana wa namna hiyo hospitali ya jeshi, wengine wakapigwa shoti za umeme eti wabadilike. Upande wa pili alikuwepo Simon Nkoli, kijana mweusi, shoga na hakujificha, aliyeshtakiwa kwa uhaini pamoja na kina Mosiuoa Lekota katika kesi ya Delmas. Walifungwa pamoja, walibishana naye gerezani, wakatoka wakimheshimu. Lekota huyo baadaye akawa waziri wa ulinzi wa Afrika Kusini, katika nchi ambayo jeshi lake haliulizi jambo hilo.

Mimi mwenyewe nilikuwa JWTZ, nilikwenda vita vya Kagera. Kikosi chetu kilikuwa na signala mmoja, askari wa redio, na sote tulijua hali yake, tukawa hatuiongelei. Karibu na Lukaya, Machi 1979, mizinga ya Walibya waliokuja kumsaidia Idi Amin ilipotutawanya usiku, ni sauti yake kwenye redio iliyotukusanya. Hakuna aliyemuuliza analala na nani. Baada ya vita alirudi, manong'ono yakaanza, alivumilia kidogo halafu akaomba kuondoka. Hakuoa. Alikuwa akinitembelea Kongwa akitokea Singida, na hakuwahi kuja na mtu, kwa sababu hakukuwa na mahali ambapo angeweza kuja na mtu. Mpaka leo nafikiri tulimdhulumu, na nchi ilimdhulumu, na hatukuhitaji sheria ya wazungu kulijua hilo. Tulishaahidi tukiwa vijana wa TANU: binadamu wote ni ndugu zangu, na Afrika ni moja.

Mambo ya kanisa ni ya wenye kanisa, sitawaingilia. Lakini mtu anayetoa damu yake kwa nchi, jina la ampendaye liandikwe kwenye fomu. Ninalitaka hilo kwa Marekani na ninalitaka kwa Tanzania.

Mkurya_UDOM

Shikamoo mzee. Naongeza kidogo kwa wanaosema sheria ya 1971 imebeba mila zetu zote. Kwetu Mara kuna nyumba ntobhu, mwanamke asiye na mtoto wa kiume anamwoa mwanamke mwenzake kwa ng'ombe ili apate wajukuu. Tafadhali msiigeuze kuwa mapenzi ya jinsia moja, siyo hivyo, huyo anayeolewa anazaa na mwanaume. Lakini ni ndoa kwa mila, na kifungu cha 9 hakiitambui. Mwanamke aliyeolewa hivyo, mwenye nyumba akifa, anaweza kusukumwa nje na ndugu wa marehemu. Yule mwenzake wa mdogo wa dada yuko kwenye mlango uleule, kwa sababu nyingine.

Mwinjilisti_Kizota

Mzee shikamoo. Sijabadili msimamo juu ya ndoa, nitabaki na Maandiko. Ila miaka 30 jela kwa huyo signala wako, hapana, hilo silitaki. Na kuhusu binti wa Hogoro, dada, nimekuelewa.

Fundi_Sabasaba

Asanteni, na mzee wangu shikamoo. Nimesoma huku nimezima cherehani.

Nilizungumza na mdogo wangu jana usiku. Namba yangu ipo kwenye fomu, ya mama haikuwepo, ameiweka. Bima ameigawa, sehemu ya mama ipo tangu mwanzo na mimi sikujua. Nilimwomba nizungumze na huyo mwenzake. Kiswahili hajui, ila aliniita dada, nikaitikia.

Jumamosi nakwenda Zoissa. Nitaanza na mjomba, ng'ombe wasitoke na mtu asitumwe Hogoro. Nitasema ni mali ya mahari yangu na mimi ndiye niliyekataa, lawama zije kwangu. Mama nitamwambia mwenyewe, si wote kwa pamoja, na si kwa simu. Najua atalia. Lakini Desemba mwanawe akikaa pale sebuleni nataka mama awe anajua amekaa na nani, asiwe anamtazama mtu mwingine.

Wakili, swali la mwisho. Anasema jeshini wana wanasheria wanaowaandikia askari wosia bure. Huo wa kiwanja aandike hukohuko?

Wakili_AreaD

Huo wa jeshi aufanye kwa mali za kule. Wa Nzuguni auandike peke yake, kwa Kiswahili, utaje namba ya kiwanja na kitalu kama ilivyo kwenye hati, umtaje msimamizi (wewe unafaa), na utaje tu jina la atakayepewa fedha bila kueleza uhusiano wao. Mashahidi wawili ambao si warithi. Desemba akija tunauhifadhi RITA, ile ofisi ya serikali inayotunza wosia. Njoo na nakala ya hati na stakabadhi za kodi ya ardhi, za miaka yote ulizonazo.